Hodi ya Macho

Katika adabu za watu wa mwambao, hodi haipigwi mlangoni tu. Hupigwa uani, hupigwa penye kibanda kisicho na mlango, hupigwa hata na jirani ambaye hajawahi kukataliwa; na mwenye kuipiga husimama ubavuni ili macho yake yasitangulie kuingia. Mafundisho ya Uislamu yamelieleza jambo hili kwa uwazi: ruhusa ya kuingia nyumba ya mtu imewekwa kwa ajili ya macho, na aliyebisha mara tatu asijibiwe, hurejea alikotoka. Kutazama, basi, kumehesabiwa kuwa ni namna ya kuingia. Anayechungulia dirishani ameshaingia, ijapokuwa miguu yake ingali njiani.

Je, nchi nayo hupigiwa hodi? Si nyumba, wala shamba lenye ua, bali nchi pana, jangwa na makorongo, ambamo mtu aweza kuendesha gari saa nzima asione moshi wala mbuzi. Wengi watajibu kwamba suali hili ni la kipuuzi. Macho hayachukui kitu. Jabali lililotazamwa na watu milioni moja ni jabali lilelile, na aliyelitazama akaondoka hakumpunguzia mtu riziki yake. Jibu hili lina nguvu, nalo halifai kupuuzwa. Ndiyo maana yafaa lipimwe kwa mfano, na mfano wenyewe usiwe wa mnyang'anyi wala wa mkoloni, kwa kuwa hao hukumu yao ni nyepesi. Uwe wa watu wema.

Wachukuliwe mume na mke, watu wa makamo, wanaosafiri kwa gari mwezi wa Januari katika nyanda za juu za Colorado, kaskazini ya Arizona. Wamechagua majira ya baridi kwa sababu barabara ni nyeupe, wageni ni haba na vyumba vya kulala ni rahisi. Wamechagua pia kwa sababu ya pili, ambayo hawaitaji. Miezi mitatu nyuma mume alimzika mama yake baada ya maradhi marefu aliyoyauguza mwenyewe, na tangu siku hiyo usingizi umemkimbia. Mke ndiye aliyesema waondoke, waende mahali pasipo na mtu wa kuwapa pole. Watu hawa ni wa kubuni, lakini hakuna asiyewajua.

Safari ya gari ina heri moja kwa watu waliochoka kuzungumza. Wawili hukaa bega kwa bega, wote wakitazama mbele, na kimya baina yao hakionekani kuwa ni ugomvi. Nchi ndiyo inayozungumza. Na nchi hii, wakati wa baridi, husema vizuri mno: mawe mekundu yenye theluji juu ya kila kidato, mbingu ya buluu isiyo na doa, misonobari iliyoinama kwa uzito wa barafu. Ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon hufungwa kwa theluji. Ukingo wa kusini, wenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, huwa wazi mwaka mzima. Hapo ndipo wanaposimama asubuhi ya kwanza. Usiku hewa baridi imezama ndani ya korongo na ukungu umelijaza hadi karibu na ukingo, kisha jua linapanda na vilele vinaanza kuchomoza kimoja kimoja, kama visiwa maji yakitoka. Mume anatazama muda mrefu. Hatimaye anasema maneno matatu, ya kwanza yenye raha tangu msiba: "Hapa hakuna mtu."

Suala lote limo katika maneno hayo matatu.

Mke ni msomaji. Yeye ndiye aliyeipanga safari, na katika kuipanga alisoma zaidi ya ramani. Anajua kwamba ukingo waliosimama juu yake ulikuwa sehemu ya makazi ya baridi ya Wahavasupai. Watu hao kwa karne nyingi waliishi kwa majira mawili: kiangazi walishuka kwenye vijito vya chini ya korongo wakalima mahindi, maharage na maboga, baridi ilipoingia walipanda juu, kwenye kuni na mawindo. Mwaka 1882 serikali ya Marekani iliwawekea mpaka wa ekari 518 huko chini, na nyanda za juu zikawa si zao. Mwaka 1919 ukingo ukafanywa hifadhi ya taifa. Mashamba yao mengine, kwenye kijito kilicho chini ya hoteli za ukingoni, nayo yalitiwa ndani ya hifadhi, na wakulima wa mwisho wakaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1920. Mahali hapo paliitwa Indian Garden, yaani bustani iliyobakiwa na jina la watu waliotolewa ndani yake, hadi 2022 palipopewa jina la Havasupai Gardens. Mwaka 1975 Bunge la Marekani liliwarudishia ekari zipatazo 185,000. Ukingo wenyewe, unaopigwa picha, haukuwa miongoni mwake.

Kwa hiyo, penye "hakuna mtu" palikuwa na watu, na zaidi ya hayo, palikuwa na watu hasa katika majira haya. Mgeni wa Januari anasimama ndani ya nyumba ya Januari ya wengine.

Mke hakusema kitu asubuhi ile. Hapa pana suala la pili ndani ya la kwanza, nalo si dogo. Mwenye kumpenda aliyefiwa, akimwona ametua mzigo kwa mara ya kwanza, ana haki ya kumwambia kuwa kiti alichokalia ni cha marehemu mwingine? Wanafalsafa hupenda kuuliza kama ukweli ni wajibu kwa kila mtu na kila wakati. Wake na waume hulijua suali hilo bila ya vitabu. Aliyenyamaza hakusema uongo, lakini kuanzia hapo wawili wale hawatazami tena kitu kimoja. Yeye anaona moshi wa moto wa zamani juu ya theluji. Mwenziwe anaona theluji. Wamekaa bega kwa bega, na baina yao umekaa umma mzima usiotajwa.

Siku ya tatu wakafika Canyon de Chelly, mashariki zaidi, katikati ya ardhi ya Wanavajo, ambao kwa lugha yao hujiita Diné. Korongo hili si kubwa kama lile la kwanza, na huenda kwa sababu hiyo linaingia moyoni kwa urahisi zaidi. Kuta zake zimenyooka, rangi yake ni ya matofali yaliyochomwa, na chini pana sakafu ya mchanga iliyo sawa kabisa, ambamo mto hupita kwa uvivu. Mnara wa mawe uitwao Spider Rock umesimama peke yake, zaidi ya mita 200 kwenda juu. Korongo lilifanywa hifadhi mwaka 1931, lakini ardhi yote ilibaki mali ya Wanavajo, na ziko jamaa zinazolima na kulisha humo hadi leo. Kiangazi, aliyesimama juu huona viwanja vya mahindi, miti ya matunda, kondoo. Januari aghalabu haoni kitu cha kutembea, kwa kuwa wenyewe wengi wamepanda juu kwenye nyumba zao za baridi. Desturi hii haitofautiani sana na ya Wahavasupai, ila Wanavajo wameweza kuishika.

Mume alisimama pale akarudia neno lake lile. Na hapo mke akashindwa.

Alimweleza habari ya Januari nyingine, ya 1864, theluji ikiwa ardhini kama hivi, askari waliotumwa na Kit Carson walipopita ndani ya korongo hili kutoka ncha hadi ncha. Vita hivyo havikupiganwa kwa risasi sana. Vilipiganwa kwa njaa: ghala zilichomwa, kondoo wakachinjwa, na kiangazi kilichofuata miti ya pichi iliyopandwa na mababu ikakatwa kwa maelfu. Baridi ilitumiwa kama silaha. Watu zaidi ya 8,000 walijisalimisha, wakaswagwa kwa miguu zaidi ya kilomita 450 hadi Bosque Redondo, kando ya mto Pecos huko New Mexico, na wengi wakafa njiani na kambini. Mwaka 1868 wazee wao, Barboncito akiwa msemaji mkuu, walikataa kupelekwa nchi nyingine yoyote wakaomba kwao tu. Mkataba ukatiwa saini tarehe 1 Juni, na wakarudi. Habari hii ni ya kipekee katika historia ya Marekani kwa kuwa kurudi kulikuwa nadra.

Mume alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, bila ya hasira, kwamba mawe hayakumfanyia mtu ubaya. Kwamba kama kila penye uzuri patafukuliwa makaburi, basi duniani hapatabaki pa kupumzikia macho, kwa kuwa hakuna udongo usio na mfu. Na kwamba yeye ametoka kwenye kaburi miezi mitatu tu, hakuja kutafuta mengine.

Hoja yake ni ya mtu aliyeumia, lakini pia ni hoja ya mwanafalsafa mkubwa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alitaka kuitenga raha ya uzuri na kila haja nyingine. Alitoa mfano wa kasri. Mtu akiulizwa kama kasri ni zuri, aweza kujibu kwa kulaumu fahari ya wakubwa wanaopoteza jasho la watu kwa vitu visivyo na lazima. Kant anasema hayo yote yaweza kukubaliwa, ila siyo yaliyoulizwa. Lililoulizwa ni kama sura ya kitu inapendeza, basi. Katika ukurasa huohuo anamtaja chifu wa Wairoquois, mwenyeji wa Amerika, ambaye alipofika Paris hakupendezwa na kitu zaidi ya mikahawa. Amemweka hapo kama mfano wa mtu asiyejibu suali. Ni ajabu ndogo, lakini ya kuzingatiwa, kwamba nadharia ya macho yasiyo na haja ilipotafuta mtu wa kumtoa nje ya mlango ilimpata mwenyeji wa bara lile. Tena huenda chifu yule alijibu suali zuri kuliko aliloulizwa: katika mji huu wa mawe mazuri, watu wanakula wapi?

Ikubaliwe hata hivyo kwamba Kant ana haki kwa upande mmoja. Raha ya mume haikuwa dhambi. Ukungu ulikuwa mzuri, na uzuri wake haukuwa wa kuibwa. Anayedai kwamba mgeni aone haya kila anapofurahi anataka kitu kisichomfaa yeyote, kwa sababu haya ya mgeni haimrudishii mwenyeji hata ekari moja. Tena kuna haya ambayo ni anasa kama nyingine: mtu husafiri, hufurahi, hujilaumu kidogo, kisha hula chakula chake vizuri zaidi.

Lakini mume hakusema "hapa ni pazuri". Alisema "hapa hakuna mtu". Maneno haya mawili yana daraja mbalimbali. La kwanza ni hukumu ya uzuri, na juu ya hilo Kant anaweza kumtetea. La pili ni habari, na habari huwa kweli au huwa si kweli. Kosa la macho halikuwa kufurahi, bali ni kutoa ushahidi wa jambo yasilolijua. Yaliona sakafu ya korongo haina watu Januari, yakatangaza kwamba nchi haina wenyewe. Ndivyo alivyoona pia aliyechora mipaka ya 1882 na aliyechora ya 1919, na huenda nao walikuwa wamechoka na wakitafuta utulivu. Utupu uliwahi kutiwa nguvu ya sheria mara nyingi kuliko ubaya wa moyo. Waliofukuzwa Serengeti mwaka 1959, Wamasai na ng'ombe wao, walifukuzwa kwa jina la wazo lililozaliwa Marekani tangu hifadhi ya Yellowstone ya 1872: kwamba maumbile kamili ni yale yasiyokaliwa.

Hata wapenzi wa kweli wa nchi hii hawakusalimika. Mto Colorado ulipozibwa na bonde la Glen Canyon likaanza kuzama mwaka 1963, mpigapicha Eliot Porter alitoa kitabu cha picha zake, cha kuomboleza, nacho kikaitwa kwa jina lenye maana ya mahali pasipojulikana na mtu. Kitabu kile kilitolewa kwa huzuni ya dhati na kiliwaamsha wengi. Lakini Wanavajo na Wapaiute walipajua, na kwa Kinavajo palikuwa na majina na sala zake. Maombolezo nayo yaliingia bila hodi.

Pingamizi moja zito limebaki: macho ya wageni hulisha. Mfano wake mashuhuri ni wa mume na mke pia, tena wa kweli. Harry Goulding na mkewe Leone, aliyeitwa Mike, walifanya duka la biashara katika bonde la Monument Valley tangu miaka ya 1920. Njaa ya miaka ya 1930 ilipowabana majirani zao Wanavajo, walikwenda Hollywood na picha za majabali yale, wakamshawishi John Ford aje kupiga filamu. Stagecoach ikatoka 1939, na nyingine zikafuata. Wanavajo walipata ujira, mara nyingi kwa kuigiza kama Waapache, yaani kuwa watu wengine katika nchi yao wenyewe, na dunia nzima ikajifunza kuyaona majabali hayo kama uwanja mtupu uliongoja wapanda farasi. Riziki ilikuwa ya kweli, na sura iliyouzwa haikuwa ya kweli. Vyote viwili vilitoka mkono mmoja, na hakuna mizani ya kuvitenganisha. Tangu 1958 bonde hilo ni hifadhi ya Wanavajo wenyewe, na ada ya mlangoni huingia kwao. Hilo laonesha kwamba kutazamwa kwa ruhusa na kutazamwa bila ruhusa ni mambo mawili, hata kama jabali ni moja.

Zaidi ya hayo, macho yaliyozoea utupu hayaoni kilicho mbele yao. Kati ya 1944 na 1986 takribani tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika ardhi ya Wanavajo, na migodi zaidi ya 500 ikatelekezwa. Msomaji wa Katanga, anayeijua Shinkolobwe ilikotoka urani ya bomu la 1945, hahitaji kuelezwa namna vilima vya kifusi vinavyoweza kuonekana kama mandhari. Katika barabara ileile ya safari yao, mume na mke walipishana mara nyingi na magari ya pikapu yaliyobeba matangi ya plastiki nyuma. Walidhani ni ya mifugo. Mengi ni ya kunywa: karibu theluthi moja ya nyumba za Wanavajo hazina maji ya bomba, na mto Colorado unapita mpakani mwao. Juni 2023, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba mkataba wa 1868, uleule aliouhangaikia Barboncito, hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji.

Je, mke alikosea kusema? Alichelewa, kwa kadiri inavyoweza kuonekana. Aliyefiwa ana haki ya kimya, na angeweza kupewa kimya bila ya kuachwa aamini kuwa nchi ni tupu. Maneno machache asubuhi ya kwanza, kwamba hapa ni nyumba ya baridi ya watu fulani na jina lao ni hili, yasingemwondolea ukungu wala jua. Pengine yangempa hata faraja aliyoikosa: kujua kwamba amesimama miongoni mwa watu waliokatazwa kwao wakaendelea kuwepo. Badala yake alipewa siku tatu za utupu, kisha akanyang'anywa. Hiyo ndiyo iliyomtia uchungu kando ya Spider Rock, zaidi ya habari ya 1864 yenyewe.

Na hodi ya macho hupigwaje, penye ukumbi mpana hivi na wenyeji wasioonekana? Wanavajo wameirahisishia wageni kwa kiasi fulani. Ndani ya Canyon de Chelly mgeni haruhusiwi kuzurura bila mwongozaji wa kienyeji, na nyumba na watu hawapigwi picha bila ya idhini. Kwa lugha yao neno hózhó hubeba kwa pamoja uzuri, utaratibu na uzima, kwa hiyo si kitu cha kutazamwa kutoka ukingoni, bali ni hali ya kutembea ndani yake. Anayebisha mlango wa nchi ya namna hiyo lazima akubali pia lile ambalo msafiri halipendi, kwamba mwenyeji anaweza kujibu "leo hapana". Mwaka 2020, maradhi ya Uviko yalipowapiga vibaya mno, Wanavajo walifunga hifadhi zao, na wageni waliofika kwa gari kutoka mbali walirudishwa barabarani. Wapo walionung'unika.

Mume na mke walirudi kwao salama. Usingizi wa mume umerejea kidogo kidogo. Mwezi wa Machi alizipitia picha zake, akaikuza ile ya Spider Rock aipeleke kuchapwa, na chini kabisa, penye kona aliyoidhani ni mchanga, akaona hogani, nyumba ya mviringo ya Wanavajo, mlango wake ukielekea mashariki kama ilivyo desturi. Alimwita mkewe. Waliitazama pamoja muda mrefu, picha ya mlango wa mtu wasiyemuomba, na hawakupatana kama ichapwe au ifutwe.